Ramani ya Makaburi Iliyochorwa kwa Kahawa

Nyinyi vijana mnaotafuta makaburi ya watu wa kale kwa kurusha kidude angani, huku mmekaa ndani ya gari yenye kiyoyozi mnakunywa chai ya maziwa, hebu kizimeni kidogo mnisikilize. Wivu sina. Wenye wivu ni magoti yangu. Mimi nchi hii nimeikagua kwa miguu, kutoka Nizwa mpaka Ibra, na kutoka Ibra mpaka Sur, nikitafuta wapi walikaa na wapi walizikwa watu wa karne za mwanzo za Uislamu. Kila tulipoona kitu tulijaza fomu, na kila fomu ikawa nukta kwenye ramani. Siku niliyostaafu wakanipa ramani hiyo ndani ya fremu ya kioo, pamoja na saa ya ukutani. Saa ilikufa mwezi wa pili. Ramani ipo bado barazani kwangu Ibra, na hakuna mgeni anayeingia asiisifu. Zamani nikiitazama nilikuwa nacheka. Siku hizi nikishacheka huinamisha kichwa, na nataka mjue kwa nini.

Kazi yenyewe sikuipata kwa kuijua. Nilizaliwa Unguja, nikaja Omani kijana, na Kiarabu changu kilikuwa kibovu hata mbuzi wa Ibra walikuwa wakigeuka kunitazama. Idara ilikuwa na mtaalamu wa Kizungu, sote tukimwita Daktari, na ilitaka mtu wa kumfasiria kwa wenyeji. Kiingereza nilikuwa nacho, cha skuli. Kiarabu nikasema pia ninacho. Huo ndio uongo wangu wa mwanzo katika kazi, na kwa kuwa haukumdhuru mtu nikauona mtamu. Dereva wetu alikuwa Khalfan, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyekuja Omani mwaka mmoja na mimi. Tukawa watatu: Daktari mwenye elimu, Khalfan mwenye ufunguo wa gari, na mimi katikati, sina hili wala lile.

Kosa langu kubwa la kwanza nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa Khalfan, maana yeye hulitia chumvi. Tulikuwa nje ya Nizwa, kwenye kiwanja cha changarawe kilichojaa makaburi ya kale. Mimi nimekulia Unguja. Kule kibla kiko kaskazini, kwa hivyo kaburi la Muislamu hulala mashariki kwa magharibi, na hivyo ndivyo nilivyoona wazee wangu wote wakizikwa. Haya ya Nizwa yalikuwa yamelala kaskazini kwa kusini. Nikamwambia Daktari, kifua mbele, "Hawa si Waislamu." Daktari alifurahi sana, maana wataalamu hupenda watu wasiokuwa kama watu wengine. Khalfan naye akayatazama yale mawe, akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini," akasema, "wamekufa bila ya dini." Siku tatu tukapima na kuchora na kuandika.

Siku ya tatu akapita mzee mmoja na sururu begani. Huyo ndiye Mzee Saif, mchimba makaburi wa mtaa ule. Akauliza tunafanya nini, nikamweleza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, na kwamba kwetu Unguja Waislamu hawalazwi hivi.

"Wewe unasali?" akaniuliza.

"Nasali, alhamdulillahi."

"Hapa unasali umeelekea wapi?"

Nikamwonesha magharibi, unakoelekea msikiti wao.

"Na maiti wangu mimi unataka aelekee kibla cha Unguja?"

Nilitamani moja ya yale makaburi linipokee. Mara tano kwa siku nikielekea magharibi bila ya kukosea, kisha nikishika kalamu narejea kwetu. Kwa siku tatu nilikuwa nimewatoa katika Uislamu watu wa kijiji kizima, na Khalfan amekwisha kuwasikitikia. Mzee Saif alicheka mpaka akaweka sururu chini. Daktari alipofasiriwa hakucheka. Alizichana kurasa zake moja moja, na kwa wiki nzima alinisemesha kwa ishara.

Tangu siku ile nilikuwa kila nikipata nafasi namwendea Mzee Saif, nami nakupeni bure aliyonifundisha. Makaburi usiyatafute mchana. Nenda asubuhi jua likiwa chini, uinamie kidogo, kila jiwe lililosimamishwa na mtu litakutolea kivuli. Usiyatafute penye udongo unaolimika, maana watu wa kale hawakuwa wajinga wa kumpa maiti shamba. Walizika pale juu, penye changarawe, karibu na maji lakini mafuriko yasipofika. Ukiona vichuguu vimepangana mstari mmoja jangwani, hivyo ni vifusi vya visima vya falaji, yaani mfereji wa chini kwa chini. Ufuate mpaka unapotokea juu ya ardhi, na hapo tazama chini ya miguu yako kama kuna vigae, kwa sababu palipokuwa na maji palikuwa na nyumba, na penye nyumba mtungi huvunjika. Kaburi lenye mawe mawili ni la mwanamme, lenye mawe matatu ni la mwanamke. Wataalamu wanabishana kama desturi hiyo ni ya kale kiasi hicho. Waacheni wabishane, wana mishahara yao.

Na kubwa kuliko yote: kabla hujapima kitu, muulize mwanamke anayechunga mbuzi. Mwanamme ukimuuliza kaburi atakusimulia ushujaa wa babu yake mpaka jua lizame. Mimi sikuuliza, nikamchorea Daktari duara zuri la mawe karibu na Al Qabil, tukaliita kaburi la mtu mkubwa. Tulikuwa bado tumeshika kamba ya kupimia akaja bibi mmoja na mbuzi wake, akawaingiza humo humo, akafunga mlango kwa tawi la mkwaju.

Sasa ramani. Daktari alitaka kujua watu wa zamani walikaa zaidi wapi: kule mkoa wa Dakhiliya karibu na milima, au huku kwetu Sharqiya mpaka pwani ya Sur, na baina yao palikuwaje. Swali zuri. Lakini hakuna aliyetuuliza sisi tulikula wapi. Maana mnaijua nchi yetu. Huwezi kupita mbele ya nyumba ya mtu ukamwambia umekuja kutazama mawe. Kwanza utaketi, utaletewa tende, utaletewa kahawa, na usipokitikisa kikombe chako watakumiminia mpaka kiyama. Jalan Bani Bu Hassan tulikaa siku tatu tukaleta nukta moja, na hiyo moja tuliiona kwa sababu Khalfan alikwenda kujisaidia nyuma ya mwamba. Karibu na Ibra, kwa upande mwingine, nukta zimejaa mpaka zinagusana. Daktari aliandika kwamba Ibra ilikuwa kitovu kikubwa cha makaazi. Huenda ni kweli. Lakini kweli nyengine ni kwamba shangazi yake Khalfan alikuwa akikaa Ibra, na shangazi huyo alikuwa akipika wali wa nazi. Tulikuwa hatupendi kwenda mbali naye baada ya saa tano.

Kisha kuna pengo. Tizameni ramani yoyote iliyotokana na ile yetu, upande wa milimani ukitoka Al Qabil, mtaona bonde zima jeupe pe, halina hata nukta moja. Nitaliita Bonde la Mikunazi, jina la kulibuni mwenyewe, maana wenyewe wamekwisha kunivumilia vya kutosha. Bonde lile lilikuwa zamu yetu kwa siku tatu. Asubuhi ya kwanza Khalfan alifika kwenye njia ya vumbi inayoingia bondeni, akasimamisha gari.

"Mie humu siingii," akasema.

"Kuna nini humu?"

"Kuna mama mkwe."

Kumbe Khalfan alikuwa ameoa katika bonde lile, na alikuwa ameacha. Ndoa ilidumu miezi minane. Mama mkwe wake wa zamani, Bibi Zuwena, nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa mdomoni mwa bonde. Hupiti ila mbele yake, na hupiti mbele yake ila umeketi, umekunywa kahawa, umetazamwa usoni. Daktari alikuwa Maskati wiki ile, na gari bila ya Khalfan haiendi. Ningeweza kushuka nikaenda kwa miguu. Sikushuka. Njia ilikuwa ndefu, jua kali, na Al Qabil kulikuwa na mtu ametualika samaki. Siku zote tatu tulikula samaki. Siku ya nne bosi wa idara alitaka fomu. Mahali palipoandikwa "Idadi ya makaburi" nikaandika: Hakuna. Chini yake, mbele ya "Imekaguliwa na", nikatia jina langu, Nassor, na saini ya mkia mrefu niliyokuwa nikijivunia siku zile.

Daktari alilipenda sana lile pengo. Alikuja kulitolea hotuba Maskati, ukumbini, ramani kubwa nyuma yake, sisi wawili tumekaa safu ya mwisho na makanzu yetu yaliyopigwa pasi. Akaeleza kwa nini Bonde la Mikunazi halikukaliwa na mtu kwa karne tatu nzima. Akasema ukame. Kisha akasema vita vya makabila. Kisha akaongeza maradhi, kana kwamba hao watu wasiokuwepo hawajateswa vya kutosha. Watu wakaandika. Khalfan akaniinamia sikioni.

"Karne tatu!" akaninong'oneza. "Na mie nilikaa miezi minane tu."

Nilijiuma shavu nisicheke. Hatukusema kitu. Nani angesimama mbele ya watu wazima akasema kwamba ukame ule ni talaka? Tukala vitafunwa vya mkutano, tukarejea Ibra, na kila mwaka pengo likazidi kupata heshima. Likaingia katika vitabu. Wanafunzi wakaliandikia mitihani. Mimi nikastaafu, nikapewa fremu na saa.

Mwaka huu, Jumatano moja, akaja mjukuu wangu Shadya, mtoto wa binti yangu. Anafanya kazi kwenye idara ile ile. Kiswahili chake amekirithi kwa kuzungumza na bibi yake kwa simu, kwa hivyo kinakatika katika, lakini moyo wake mzima.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mama."

Hakukaa. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mbele yangu. Niliutambua ule mkia kabla sijavaa miwani.

"Babu, hii saini yako, sah?"

"Yangu."

"Tayyib. Wanatengeneza barabara mpya pale bondeni, ya kufupisha njia ya watalii wanaokwenda kuoga Wadi Bani Khalid. Mudiri, bosi wangu, kasema sawa, kwa sababu fomu inasema hakuna kitu. Lakini mimi nimeona picha ya juu, kuna mistari mistari, yaani kama makaburi. Babu, wewe ulifika?"

Ramani ilikuwa nyuma yangu ukutani. Nilikuwa na miaka mingi ya heshima katika baraza ile, na mtoto huyu aliingia kazi hii kwa kutaka kuwa kama mimi. Mwenyewe aliwahi kuniambia.

"Nilifika," nikasema.

"Na hiyo mistari?"

"Mazizi ya mbuzi."

"Wallahi, babu?"

"Unaniapisha, Shadya? Mimi nimekuwa mtoto wako?"

Akanibusu kichwa, akasema samahani, akaenda zake. Niliona haya hata ya kumaliza chai. Mimi niliyewahi kulipima zizi nikaliita kaburi, sasa nimeyaita makaburi zizi, na safari hii nilikuwa najua.

Ijumaa baada ya sala nilipata mgeni. Akasimama mbele ya ramani, akaweka kidole juu ya lile bonde jeupe. "Hapa hapakuwa na watu?" Nilifungua mdomo, na wallahi neno lililokuwa linakuja ni ukame. Nikaufunga. Mgeni alipoondoka nikampigia simu Khalfan.

"Sema nilikuwa mgonjwa," akasema, mara tu nilipomweleza.

"Siku zote tatu?"

"Basi sema gari ndiyo iliyokuwa mgonjwa."

"Khalfan, wanapitisha barabara juu yao."

Mzaha ukamwisha. Khalfan kuishiwa na mzaha ni jambo la kutia tarehe. Kisha akasema, "Njooni mnichukue." Nikampigia Shadya. Nilitaka nimweleze taratibu, nikashindwa. Nilimwambia tu, "Mama, sikufika."

"Babu," akasema, "ungesema Jumatano."

Jumamosi asubuhi tukaingia bondeni, Shadya, Khalfan na mimi. Vigingi vyekundu vilikuwa vimepandwa kutoka mdomoni mpaka ndani. Na juu, penye changarawe, pale pale ambapo Mzee Saif angesema yapo, makaburi yalikuwa yamelala kaskazini kwa kusini, safu baada ya safu. Jua lilikuwa bado chini, na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake. Halikutaka elimu jambo lile. Lilitaka mtu wa kushuka garini. Upande wa chini ardhi ilikuwa imekwanguliwa nyeupe, laini kama kiganja, ukanda mrefu uliopita katikati ya vigingi. Mwisho wa ukanda lilisimama greda, limezimwa. Mbele ya greda kulikuwa na kiti cha plastiki, na kwenye kiti amekaa bibi kizee mwenye mkongojo, na dereva wa greda amechutama pembeni, kijana wa Kihindi, anakula tende.

Huyo ndiye Bibi Zuwena. Alhamisi asubuhi greda lilianza kazi. Alipolisikia alitoka na kiti chake, mwendo wake wa taratibu, na alipofika safu moja ilikuwa imekwisha kwenda. Akakaa mbele ya safu ya pili. Kijana wa watu akamwita msimamizi wake, msimamizi akamwonesha bibi karatasi inayosema hakuna makaburi. Bibi akamwambia asome kwa sauti, wenyewe waliozikwa wasikie. Akakaa Alhamisi, akakaa Ijumaa, na jioni akirejea nyumbani kiti akikiacha. Hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni nani. Alinitazama sana.

"Nyinyi ndio watu wa serikali wa kuhesabu makaburi?"

"Sisi, Bibi."

"Tuliambiwa mnakuja. Tulichinja mbuzi. Tukangoja siku tatu." Akaligeukia gari letu lililosimama mbali. "Na yule aliyejificha si Khalfan?"

Akamwambia Shadya, "Mwanangu, mpelekee kahawa. Mwambie akitosheka akitikise kikombe, nitakiona kutoka hapa."

Shadya alimpigia bosi wake, akanipa simu. Nilimwambia makaburi yapo, kazi isimame. Yule ni kijana wa heshima, ndiye aliyenikabidhi ile fremu.

"Lakini ami," akasema, "karatasi inasema ulikagua."

"Karatasi inasema nilichoiambia mimi. Sikufika hapa. Niliandika uongo, na Jumatano nikaurudia. Andika hivyo hivyo."

Amri ya kusimamisha kazi ilitoka kabla ya adhuhuri. Barabara itazunguka nyuma ya kilima, na watalii watayafikia maji yao wamechelewa kidogo. Msinipigie makofi. Safu iliyokwenda ilikwenda Alhamisi, siku moja baada ya mjukuu wangu kuniuliza nikamjibu kwa ukali. Ungenigusa pale nilipokuwa, ningelia kama mtoto, na nililia baadaye kweli, peke yangu, nyuma ya lile lile greda.

Shadya alikuwa na fomu mpya. Nikamwomba niijaze mimi. Makaburi yaliyobaki tuliyahesabu pamoja, tukafika kwenye mstari mpya wanaoutaka siku hizi: yaliyoharibiwa, idadi. Nikautazama ule ukanda mweupe. Hata jiwe moja halikubaki la kukisia.

"Kumi na mbili," akasema Bibi Zuwena kutoka kwenye kiti chake.

"Bibi?"

"Saba ya mawe mawili, manne ya mawe matatu. Na moja fupi, la mtoto, upande wa ule mkunazi."

"Umejuaje, Bibi?"

"Nikichunga mbuzi hapa tangu sijaolewa. Nikipita nawasalimia. Wewe utamsalimia mtu usiyejua kama yupo?"

Nikaandika kumi na mbili. Chini kabisa ulikuwepo mstari ule ule wa zamani, "Imekaguliwa na", na mkono wangu kwa mazoea ukaanza kuipiga ile nuni yenye mkia, herufi ya mwanzo ya jina langu. Nikauzuia. Nikamuuliza bibi jina la baba yake.

"Zuwena binti Hamed," akasema. "La nini?"

"La karatasini, Bibi. Hapa wanaandikwa waliofika."